Daftari la Mtu Nisiyemwamini

Jumapili, 12 Mei 2024. Nyakatuntu.

Daftari hili nimepewa na mtu nisiyemwamini. Anaitwa Gideon, ni mwinjilisti, kanisa lao la Ndama limemtuma huku Kyerwa kuwahubiria vibarua wa kahawa. Leo amekuja kwa Mzee Kashaija, tajiri wetu, akiwa na mfuko wa nailoni, akampa daftari na kalamu kila anayejua kuandika. Akasema, "Andika kila siku Mungu amekutendea nini. Mimi sitasoma. Ni mambo yako na yeye."

Nikamuuliza, "Kama hutasoma, umenunua la nini?"

Akacheka. "Anastazi, wewe ungekuwa mwanasheria."

Hapa naitwa Anastazi na ninatoka Ngara. Kwetu ni mbele ya Ngara, ng'ambo ya mpaka, na jina langu la kweli sitaliandika hata humu. Jalada limeachiwa mstari wa jina. Nimeuacha hivyo hivyo.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua. Tumepalilia migomba hadi saa nane. Mungu amenitendea mgongo unaouma.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua tena, hatukutoka, kwa hiyo naandika kwa nini naogopa mtu mwenye daftari.

Mwaka jana nilikuwa Mabira, shamba la maharage. Alikuja kijana mpole, akasema anaandika majina ya watakaopewa chandarua. Tukampa majina, milima tulikozaliwa, maana kwetu kijiji ni mlima, hata majina ya wazazi. Vyandarua havikuja. Siku ya tisa likaja lori la watu wa vibali, wanaowakamata wageni wasio na karatasi. Nilipandishwa na suruali niliyokuwa nimevaa tu, nikarudishwa kwetu. Blanketi, sufuria na picha ya mtoto wangu vilibaki. Gloriose, mke wangu, aliniona natokea njiani mikono mitupu akadhani nimevamiwa na wezi. Nilimwacha adhani hivyo.

Mwaka huu nilimwahidi kwamba kahawa ikiisha nitarudi kwa miguu yangu mwenyewe, siku nitakayoichagua mimi. Sitaki kitu kingine chochote kwenye msimu huu.

Jumapili, 26 Mei

Gideon ameanza kufundisha. Tunakaa bandani, penye maturubai ya kuanikia kahawa. Tulikuwa kumi na mmoja. Namna yake ya kufundisha ni ya ajabu. Anachukua punje za kahawa kavu, anaziweka chini moja moja, kila punje neno moja la mstari wa Biblia. Anasema neno, anasogeza punje. Halafu sisi. Ukikosea, anarudisha punje yako mwanzo.

Hirwa, tunayelala naye chumba kimoja, hawezi kunyamaza. Alisema, "Mwinjilisti, mimi neno langu nimelitafuna."

Ni kweli alikuwa ameitafuna. Watu wakacheka, Gideon naye akacheka hadi machozi. Akampa punje nyingine. "Hii usile kabla hujaisema."

Biblia anaifungua na kuiweka mapajani, lakini nimemtazama sana. Hasomi. Anasema huku anatuangalia usoni, mmoja mmoja, kama mtu anayetukariri.

Jumamosi, 1 Juni

Tumeanza kuchuma. Kahawa ni nyekundu, nzuri. Vidole vimechanika.

Jumapili, 9 Juni

Leo alisimulia habari ya mchungaji aliyeacha kondoo wengi akamfuata mmoja. Nikuze, mjane anayepika na kuchuma pamoja nasi, alilia. Watu wake walitoka Rwanda miaka mingi iliyopita, yeye mwenyewe hajui kusoma hata herufi moja. Baada ya somo alimwambia Gideon, "Baba, nataka kubatizwa. Mimi hakuna aliyewahi kunitafuta."

Mimi nilikuwa nawaza, huyo kondoo mmoja labda alikuwa na sababu ya kujificha.

Ijumaa, 21 Juni

Vumbi. Hakuna wingu. Kuchuma, kuanika, kugeuza.

Jumatano, 3 Julai

Hirwa alitumwa sokoni, akarudi na habari. Amemwona Gideon nje ya ofisi ya kata, amesimama na karani. Karani ameshika karatasi anamsomea taratibu, Gideon anatikisa kichwa.

Nikamuuliza, "Karatasi gani?"

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa natafuta chumvi."

"Walisema nini?"

"Kaka, nilisikia neno moja tu. Wageni."

Sijala vizuri. Mtu anasimamaje na karani kusomewa habari za wageni, halafu Jumapili anakuja kutuuliza tunatoka wapi?

Jumapili, 7 Julai

Nilimuuliza mbele ya watu. "Mwinjilisti, kule kata ulikuwa na shughuli gani?"

Hakushtuka. "Kulikuwa na tangazo la kila mwenye nyumba kuandikisha wageni anaowalaza. Mimi nimepanga kwa watu. Nilitaka kujua linanihusu vipi."

"Tangazo si limebandikwa ukutani? Kila mtu anasoma."

Hapo akaangalia chini, akazikusanya punje zake. "Nilitaka kuelewa vizuri," akasema.

Mtu anayesema kweli haangalii chini.

Alhamisi, 11 Julai

Nimewaambia wenzangu habari ya Mabira, ya kijana wa vyandarua. Nimewaambia wafikiri wenyewe.

Jumapili, 14 Julai

Somo lilikuwa na watu sita. Nikuze alinipita na sufuria kichwani, hakunisalimia.

Jumapili, 4 Agosti

Leo imekuja ile siku niliyokuwa naingoja. Gideon ametoa daftari jipya, kubwa kuliko haya yetu. Akasema tarehe mosi Septemba Mchungaji Ndyamukama atakuja kutoka Ndama kubatiza pale mtoni, kwa hiyo majina yanahitajika. Jina, mahali pa kuzaliwa, baba, mama. Yale yale ya Mabira, neno kwa neno.

Halafu akanipa mimi kalamu. "Anastazi, mwandiko wako mzuri. Waandikie."

"Kwa nini usiandike mwenyewe?"

"Mikono yangu ina tetemeko siku hizi."

Nilimwangalia mikono. Ilikuwa inazipanga punje za kahawa kwenye mstari ulionyooka kama uzi.

Nikaelewa. Anataka orodha iwe na mwandiko wa kibarua, ili lori likija aseme hakuandika yeye. Watu wanne walitaja majina, Nikuze wa kwanza. Nikaandika. Mimi sikuwa wa kubatizwa, nilibatizwa utotoni, lakini akasema mwandishi naye aandikwe. Nikaandika Anastazi wa Ngara. Halafu nikamtega. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, nikaandika: MWENYE DAFTARI HILI NI MPELELEZI WA WATU WA VIBALI. MSIMWAMINI.

Nikampa likiwa wazi. Nilisema moyoni, akikasirika nimemkosea, akinyamaza ni yeye.

Aliuangalia ukurasa mzima, kutoka juu mpaka chini. Akapitisha kidole juu ya yale maneno ya mwisho. Akasema, "Mwandiko mzuri kweli. Mungu akubariki."

Akalifunga akaondoka nalo.

Jumatatu, 5 Agosti

Sikulala. Mtu gani anasoma maneno kama yale na kukubariki? Hata yule wa Mabira asingeweza. Huyu amefundishwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimehamisha daftari hili. Lilikuwa chini ya jamvi, sasa liko darini, kwenye tita la majani makavu.

Jumapili, 18 Agosti

Somo ni Nikuze na wale watatu tu. Tulikuwa tumekaa upande wa pili wa banda, tunacheza karata kwa makusudi. Nikuze alikuja akasimama juu yangu.

"Anastazi, unawafukuza watu kwa sababu gani?"

"Sijamfukuza mtu. Wana miguu yao."

"Mimi nina miaka arobaini na saba. Mtu mmoja tu amenifundisha kitu nikakiweka kichwani kikakaa. Ukinipotezea huyo, nitakudai mbele ya Mungu."

Hirwa akamwambia, "Dada, punguza moto, kahawa itaungua."

Nikuze akageuka. "Na wewe unatafuna neno la Mungu kama mbuzi."

Hatukuendelea na karata.

Alhamisi, 22 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa saba mchana kahawa yote ilikuwa nje, maturubai tisa, karibu kukauka. Mawingu yalikuwa mazito upande wa magharibi, mapema kuliko kawaida. Mama Dafroza, mke wa Mzee Kashaija, alisema tuanze kukunja. Ndipo tukasikia lori linapanda kilima.

Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi. Nilipiga kelele, "Limekuja!" na watu tisa tukaingia migombani kama kuku walioona mwewe. Mimi nilivuka mtaro, nikaangukia kwenye kichaka cha miiba, nikalala kifudifudi nikisikiliza milango ya lori. Mvua ikaanza kupiga pale pale. Mvua kubwa. Sikuinuka.

Tulikaa huko hadi ikaisha. Tuliporudi, lori lilikuwa la wanunuzi wa ndizi, dereva amejikinga ukumbini, anakunywa chai. Maturubai matano yamekunjwa. Manne kahawa yake ilikuwa inaelea mpaka kwenye mfereji. Waliokunja yale matano ni Mama Dafroza, Nikuze na Gideon. Gideon alikuwa anapita kuwatembelea watu wake. Shati lilikuwa limemgandia mwilini, magoti yote tope, bado anaokota punje moja moja kwenye majani.

Mzee Kashaija alirudi, akatuangalia. "Mlikuwa mnakimbia nini?"

Tukainama kuokota kahawa.

"Nimewauliza, mlikuwa mnakimbia nini? Ndizi?"

Gideon akasema, "Mzee, shikamoo. Mvua imewashtua."

"Marahaba. Mvua haimkimbizi mtu migombani, Gideon."

"Hii iliwakimbiza."

Alitusemea uongo, yeye mwinjilisti. Nilipaswa kushukuru. Niliwaza tu, anatulinda ili atukute wote siku yake.

Ijumaa, 23 Agosti

Tumeanika upya. Inanuka uvundo.

Jumapili, 1 Septemba

Naiangalia mikono hii iliyoandika yale maneno, kama si yangu.

Nilikwenda mtoni. Nilijiambia nakwenda kuangalia njia za kukimbilia. Kulikuwa na watu kama thelathini, Mzee Kashaija na Mama Dafroza wakiwamo ingawa wao ni Walutheri. Nikuze alivaa kitenge cheupe alichoazima. Mchungaji Ndyamukama ni mtu mrefu, mwenye miwani. Aliomba, kisha akamwambia Gideon, "Nipe majina, niwaite."

Gideon akampa lile daftari kwa mikono miwili.

Nilitaka kuondoka, lakini nikabaki. Mchungaji akasoma kwa sauti, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Kila aliyetajwa akasogea majini. Akasoma, "Mwandishi, Anastazi wa Ngara." Halafu, kwa sauti ile ile, kwa sababu mtu anayesoma hasimami mpaka amefika mwisho, akasoma, "Mwenye daftari hili ni mpelelezi wa watu wa vibali. Msimwa…"

Akasogeza daftari karibu na miwani.

"Gideon. Hiki ni nini?"

Gideon alikuwa anatabasamu bado. Tabasamu likakauka hapo hapo usoni. "Soma tena, Mchungaji."

"Umebeba maneno haya mwezi mzima. Hukuyaona?"

"Niliyaona."

"Ukayaacha?"

Gideon akavua kofia. Alikuwa na unyevu wa jasho kuzunguka kichwa. "Mchungaji, niliona wino. Mimi sijui kusoma."

Nikasikia mtu akiguna. Mchungaji akavua miwani. "Miaka kumi na mmoja unafundisha neno."

"Mke wangu alikuwa ananisomea usiku, mimi nashika. Alipofariki nilikuwa nimeshika mengi. Nikaona aibu kusema."

Mchungaji akafunga daftari. Alisema si kwa ukali, lakini alisema. Kwamba hawezi kubatiza leo juu ya jambo kama hili. Kwamba Gideon apumzike huduma hadi ijulikane nani ameongeza maneno yale ya herufi kubwa na kama ni kweli. Nikuze alikuwa majini mpaka magotini. Alitoka taratibu, kitenge kinachuruzika, akapita mbele yangu. Afadhali angenitukana.

Punje za kahawa. Karani na tangazo. Mikono isiyotetemeka. Nilisoma hadi darasa la tano tu, nikajiona nimemsoma mtu mzima.

Jumatatu, 2 Septemba

Hirwa ameniuliza, "Ni wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilijua. Herufi zako kubwa zinalala upande mmoja kama zimelewa rubisi." Halafu akasema, "Nyamaza tu. Ukijitaja, mchungaji atauliza Anastazi ni nani, na Anastazi hayupo."

Ni kweli. Kahawa imebaki wiki mbili. Nikinyamaza ninarudi kwa Gloriose kwa miguu yangu.

Jumatano, 4 Septemba

Nikuze anapika bila chumvi. Tunakula.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeandika barua kwa Mchungaji Ndyamukama. Niliiandika mara tatu. Nikampelekea Gideon ukumbini kwa Mzee Kashaija, alipokuja kuaga. Anarudi Ndama kesho na mabegi yake. Nikamwambia, "Baba, shikamoo. Mpe mchungaji hii. Ina maneno ya kukutoa lawamani."

Alikuwa hajawahi kuniangalia vile. Macho ya mtu anayepima shilingi kama ni bandia. "Ulishaniandikia neno moja, nikalibeba mwezi mzima, na baraka nikakupa. Hili nitalisikia kwanza."

Alijua. Sijui tangu lini.

Akampa Mama Dafroza, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo. "Mama, nisomee. Kwa sauti, yeye akiwepo."

Sikutegemea hilo. Nilitaka kumnyang'anya, lakini alikuwa ameshaanza. Akasoma: "Mchungaji, niliyeandika maneno yale ni mimi. Gideon si mpelelezi. Nilimwogopa kwa sababu ya mtu mwingine, mahali pengine. Mimi si Anastazi wala si wa Ngara. Naitwa Leonidas Nsanzimana, nimezaliwa Ruyigi."

Akasimama. Akaangalia njia, akaangalia ndani mlangoni, Mzee hakuwepo.

Gideon akasema, "Endelea, mama."

Akaendelea mpaka mwisho, pale ninapoomba wabatizwe na Gideon arudishwe. Akaikunja, akampa Gideon.

Gideon akauliza, "Jina lake liko mstari gani?"

Mama akaweka ukucha juu ya karatasi. "Hapa. Kuanzia hapa mpaka hapa."

Gideon akapaangalia sana, akakunja kona ya karatasi pale, akaitia kwenye Biblia.

Mama Dafroza akarudi kwenye maharage yake. "Anastazi," akasema, "turubai la mwisho halijageuzwa."

Nimegeuza kahawa. Nimewaza mpaka giza: kwa nini alitaka kujua mstari?

Jumapili, 8 Septemba

Kila pikipiki inayopanda kilima nasimama kuisikiliza. Hirwa amenifungia blanketi na sufuria kwenye mfuko, ameuweka karibu na mlango wa nyuma. Sikumwomba.

Jumanne, 10 Septemba

Gideon amekuja kwa pikipiki, mchana, peke yake. Nilikuwa nimeshashika mfuko. Akanikuta hivyo, nusu nje nusu ndani.

"Unakwenda wapi?"

"Inategemea wewe umetoka wapi."

Akakaa kwenye kizingiti, akaomba maji. Akanywa. Akasema mchungaji hakumrudisha. Alisoma barua, akasema barua isiyo na jina haina mwenyewe, Gideon angeweza kumwomba mtu yeyote amwandikie.

"Lakini ina jina! Mama Dafroza alisoma."

Akafungua Biblia, akatoa kipande cha karatasi, chembamba, kimechanwa kwa uangalifu wa mtu anayechana kitu asichoweza kukisoma. Upande mmoja alikuwa ameenda mbali kidogo, akachukua na nusu ya mstari wa juu. Jina langu lote lilikuwamo, na Ruyigi.

"Ofisi ya mchungaji ina watu wengi wanaoingia," akasema. "Karatasi inazunguka. Nikaona hii ikae kwangu. Sasa naona ikae kwako."

Nikakaa naye kizingitini. Nikamuuliza jambo la kijinga. "Na huduma yako?"

"Nimeanza kuzoea kulima."

Alisema hivyo huku anatazama banda, mahali alipokuwa anazipanga punje. Nikuze alikuwa huko peke yake. Anasogeza punje moja, anasema neno, anasogeza nyingine. Mikono ya Gideon ilikuwa juu ya magoti, na safari hii ilikuwa inatetemeka.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemwomba Mama Dafroza ruhusa ya siku mbili. Nitashuka hadi barabara kubwa kwa miguu, nipande pikipiki mpaka Ndama.

Akaniuliza, "Pale mlangoni kwa mchungaji, penye watu wote wale, wakisema wewe ni nani, utajibu nini?"

Nikamwonyesha kipande. Akakitazama, akaingia ndani, akarudi na kahawa ya kutafuna ndani ya jani la mgomba, ya njiani. Blanketi na sufuria nimemwachia Hirwa, kama sitarudi. Daftari hili nakwenda nalo. Nimejaza ule mstari wa jina kwenye jalada.